Nilivyonadi kwa Bati Wakati wa Kafyu

Ndugu zangu wa darasa la sita, ninyi mnaogombania bati la kunadia matangazo kama kuku wanavyogombania utumbo, nawatangazia kwamba nimestaafu. Nina miaka kumi na sita, meno yangu yote yapo na mgongo haujapinda, lakini nimestaafu kazi ya serikali kwa heshima zote. Nimepata nafasi ya sekondari, na Mwalimu Mkuu ameshaniambia kwamba huko niendako hakuna anayehitaji kelele zangu. Basi nawaandikia mtakaobaki, mjue kazi hii ilivyo kabla hamjapasuana midomo. Mshahara sitautaja, maana kutaja kitu ambacho hakikuwepo ni uongo, nami nimebatizwa. Vyeo pia naviruka. Nilianza nikiwa mbeba bati, nimemaliza nikiwa mbeba bati.

Pengine haya yatasomwa na mtu asiyekijua kijiji chetu, kwa hiyo nieleze. Tuko juu ya Runyenjes, kwenye mteremko unaoshuka kutoka msituni, karibu na mto Thuci ambao ng'ambo yake ni Meru. Zamani kila mtu alikaa shambani kwake, akamchukia jirani yake kwa mbali. Hali ya Hatari ilipoanza, serikali ikatukusanya mahali pamoja ili watu wa msituni waliokuwa wakipigana nayo wasipate chakula kwetu, ikatupanga kwa mistari kama mahindi. Kuzunguka kijiji tukachimbishwa handaki refu, ndani yake mianzi iliyochongwa ncha. Pembeni, kwenye kilima, ikajengwa posti ya homugadi, walinzi wa kienyeji wa serikali, yenye mnara, daraja la mbao na handaki lake dogo. Ndani ya mistari hiyo wakatiwa Waembu, Wambeere walioletwa kutoka nchi kame kuja kuchimba na hawakurudishwa, Wachuka walioolewa huku, na familia chache za Wakamba waliokuwa wakifanya biashara sokoni. Kila mstari ulikuwa na lugha yake na matusi yake.

Mimi nilipata kazi kwa kosa la wazazi wangu. Mama ni Mmbeere, baba ni Mwembu, nyanya mzaa baba ni Mchuka, na Kikamba nilijifunza kwa watoto wa mwenye duka nilipokuwa nawasaidia kuramba sukari ya baba yao. Kiswahili nilipewa shuleni kwa kiboko. Baba mwenyewe wakati huo alikuwa mgeni wa serikali, analala bure na kula bure nyuma ya seng'enge huko mbali, kwa hiyo hakuwepo kunikataza.

Aliyenifunza ni karani wa chifu, Mzee Nthiga, mtu mwembamba mwenye koti moja na kikohozi cha kudumu. Yeye ndiye aliyekuwa akinadi, mpaka kifua kikakataa. Bati alilitengeneza mwenyewe kutokana na debe la mafuta ya taa, akalikunja kama faneli ya mwenye duka. Siku yangu ya kwanza alinipa, nikaliweka mdomoni kwa fahari zote, ukingo ukanikata mdomo.

"Vizuri," alisema Mzee Nthiga. "Sasa umeajiriwa."

Kisha akanionyesha kupaka ukingo mafuta ya nyonyo na kuuzungushia kitambaa. Akanifunza kuupa upepo mgongo, kwa sababu ukinadi dhidi ya upepo unajihutubia mwenyewe. Akanifunza kutaja jambo kabla ya sababu, maana mtu aliye jikoni husikia neno la kwanza tu na mengine huyasikia sufuria. Na akanifunza jambo ambalo nawaachia ninyi kama urithi: anza na lugha ya walio wachache. Nilimuuliza kwa nini nijisumbue kunadi Kimbeere baada ya Kiembu, na Mmbeere anaelewa Kiembu chote hata akiwa amelala.

"Anaelewa," alisema, "lakini habari hiyo si yake. Hujawahi kusikia watu wakisalimiana nyumba ya jirani? Unaelewa kila salamu, na huitikii hata moja."

Nilidhani ni maneno ya uzee. Wiki iliyofuata nikatangaza kuchanja watoto, nikakiruka Kimbeere ili niwahi mpira. Mstari mzima wa Wambeere haukuleta mtoto hata mmoja. Nilipowauliza walinitazama kwa huruma: "Tulisikia Waembu wakiitwa."

Kesi ngumu zilikuwa nyingi. Kulikuwa na nzige. Bwana Shauri, afisa kijana wa kizungu aliyekuwa akitutembelea kwa gari, alinipa habari hiyo akiwa amekunja uso kama mtu aliyefiwa: "Wewe sema watu yote, nzige nakuja, shauri baya sana." Nikainadi kwa sauti ya msiba inayostahili. Waembu wakashika vichwa. Wambeere na Wakamba wakaenda kutafuta vikapu, wakakaa wakitazama upande wa kaskazini kwa hamu, kama watoto wanaomngoja mama atoke sokoni. Nzige wa kukaanga ni kitoweo chao, nami nilikuwa nimewatangazia karamu. Ilibidi nirudi mbio mstari kwa mstari kuwaambia kwamba serikali imemwaga pumba zenye sumu, na kwamba nzige wa mara hii si wa kuliwa. Niliambiwa mimi ni mchoyo.

Mwenye kelele kubwa siku hiyo ya vikapu alikuwa Cucu Ciarunji, na ni vizuri mjulishwe kwake sasa. Cucu ni bibi wa Kimbeere, mpana, mwenye sauti ya kukwaruza, asiyemwogopa mtu yeyote ila paka. Alikuwa akipika ugali wa homugadi pale posti, si kwa hiari, bali kwa sababu siku moja alimtukana kapteni wao wa zamani na wakaona adhabu inayomfaa ni kuwapikia. Tangu hapo homugadi wote ndio walioadhibiwa.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe, ile ambayo wengine wenu huniuliza kila tukienda kuteka maji.

Ulikuwa msimu wa mvua ndefu, na mara hii mvua ilisahau kwao. Ilinyesha mpaka nguo zikaota ukungu. Katikati ya mvua hiyo daraja la barabarani likakutwa limekatwa kwa shoka. Bwana Shauri akasema kijiji kinajua nani alikata. Kijiji kikasema hakijui. Akatuwekea kafyu ya adhabu, mchana na usiku, kila mtu ndani ya nyumba yake, na atakayeonekana nje apigwe risasi. Kisha akaenda zake Embu mjini, na barabara ikamegekea mtoni nyuma yake. Aliyebaki na amri mkononi alikuwa kamanda wa posti, Kathuri, mtu wa Meru, mfupi, mwenye kunyoosha sare yake hata pasipo mtu wa kumtazama. Walioruhusiwa kuwa nje ni homugadi, Cucu na sufuria zake, na mimi na bati langu.

Alasiri moja Kathuri aliniita tukapande kukagua handaki la juu, lile linalotenganisha kijiji na msitu. Tulipofika tulichungulia ndani. Handaki lilikuwa limejaa pomoni. Maji yote ya mlima yalikuwa yameingia humo na hayakuwa na pa kutokea, mianzi imeng'oka inaelea, na ukuta wa udongo wa upande wa kijiji ulikuwa ukitoka jasho. Mahali pengine ulitema vijito vyembamba vyekundu. Chini yake moja kwa moja kulikuwa na mistari ya nyumba, na katika mstari wa chini kabisa, pale maji yote yangeishia, alikaa mama yangu na wadogo zangu.

"Hili halifiki jioni," alisema Kathuri. "Kijana, waite wote waje posti. Kilima hakitaguswa."

Nilishuka mbio mpaka mlangoni mwa posti, nikaupa upepo mgongo, nikanadi. Sijawahi kunadi vizuri vile. Nilianza na Kikamba, nikaja Kichuka, Kimbeere, Kiembu, jambo kwanza na sababu baadaye, kama nilivyofunzwa: "Njooni posti! Tokeni nyumbani, njooni posti sasa hivi! Handaki linapasuka!" Sauti ilienda mpaka ng'ambo ikarudi.

Hakuna aliyetoka. Nikanadi tena. Mlango mmoja uliokuwa nusu wazi ukafungwa. Nikanadi mara nyingine, na kutoka pale kilimani nikaona moshi ukikatika. Nyumba moja, kisha nyingine, kisha mstari mzima. Watu walikuwa wanamwagia moto maji, ionekane hakuna mtu ndani.

"Wakaidi!" Kathuri alipiga paja. "Watu hawa watakufa kwa ukaidi!"

Nyuma yetu Cucu Ciarunji aliweka mwiko chini. "Ukaidi wa nani, Kathuri? Hilo bati lilipowaita posti mara ya mwisho, waliwekwa foleni mbele ya mtu aliyevaa gunia kichwani, anatikisa kichwa tu, huyu ndiye wa msituni, huyu siye. Nani alirudi na meno yake yote?"

"Leo ni maji, mama!"

"Wewe unajua ni maji. Wao wanasikia bati, tena siku ya kafyu, tena linawatoa nje ambako mmesema mtawapiga risasi. Ningekuwa huko, ningeingia chini ya kitanda na kumvuta mbuzi aje anifunike."

Ndipo nilipoelewa, na nilikuwa na lugha zote hizo mdomoni na hazinisaidii. Walikuwa wameelewa kila neno. Ndiyo maana walijificha.

"Nitaenda mlango kwa mlango," nilisema.

"Ukifika mlango wa tatu, ukuta utakuwa umekupita," alisema Cucu. Alifunga shuka lake kiunoni. "Nipisheni nipige yowe."

Kathuri alimtazama kana kwamba ameomba kulipua bomu. Nanyi mnajua kwa nini. Huku kwetu yowe la mwanamke halina mjadala. Ukilisikia unakamata chochote kilicho karibu, panga, rungu, mchi, unakimbilia linakotoka. Huulizi ni la nani wala kuna nini. Asiyekimbia wazee walikuwa wakimtoza mbuzi, awe Mwembu, awe Mchuka, awe Mkamba, kwa maana kote huko yowe ni lile lile na halina maneno. Ndiyo sababu serikali ililikataza siku ya kwanza kabisa ya Hali ya Hatari.

"Yowe limekatazwa," alisema Kathuri.

"Na maji je? Yakataze basi. Yaandikie barua."

"Mama, nisikilize." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Watakuja na mapanga, kijiji kizima, wanakimbilia posti yangu. Hawa vijana wa mnarani hawajalala siku nyingi, wanaogopa hata bundi. Watafyatua. Na wasipofyatua, Bwana Shauri atakuta nimefungua posti siku ya kafyu, na mimi nitaenda kukaa na baba yake huyu nyuma ya seng'enge."

"Kuna nafasi," nilisema. Sikujua kama ni mzaha au ni maombi. Nilikuwa natazama paa la mama.

Kathuri alisimama akinyoosha sare yake, akainyoosha tena, mahali ambapo haikuwa na mkunjo. Kisha akapaza sauti kuelekea mnarani kwa Kimeru: "Shukeni! Wote! Na bunduki zenu!"

Walishuka, vijana watatu, nusu ya mmoja wao ikiwa ni kofia. Alipowaambia waweke bunduki stoo, huyo wa kofia akakaza mikono. "Afande, na tukikatwa?"

"Basi utakatwa ukiwa na kamanda wako. Lete."

Alizifungia zote, na yake akaiweka juu. Ufunguo akaushika kidogo, hajui aupeleke wapi. Cucu akamnyang'anya, akautumbukiza kifuani mwake, mahali ambapo hakuna homugadi angethubutu kupekua. Daraja la posti likateremshwa. Cucu akatoka mpaka katikati yake, akaweka kiganja mdomoni, akapiga yowe.

Sina namna ya kuliandika. Nywele zangu zilisimama, na mimi nilikuwa najua ni la nini. Miguu yangu yenyewe ilitaka kukimbilia mahali nilipokuwa nimesimama. Kabla hajavuta pumzi nyingine milango ikafunguka mistari yote, kana kwamba imesukumwa na mkono mmoja. Watu wale wale waliokuwa wamezima moto walitoka na mapanga, na mishale, na vijiti vya kusongea, wakipanda kilima kwenye tope, na kila mwanamke aliyetoka akalipokea yowe na kulirusha mbele, mpaka mstari wa chini kabisa. Nililitupa bati, nikashuka nikiwapita, nikawasaidia wenye wazee. Mzee mmoja niliyembeba alinipiga kwa fimbo njia nzima, akinihimiza nisichelewe vitani.

Tulipofika darajani watu walikuwa wamesimama. Walikuwa wamegundua yowe linatoka wapi. Upande mmoja kijiji chenye mapanga, upande wa pili homugadi wenye mikono mitupu, na Kathuri mbele yao, jasho likimtoka kwenye mvua.

"Adui yuko wapi?" aliuliza mwenye duka, kwa Kikamba.

"Yuko juu ya kichwa chako!" Cucu alielekeza kidole kwenye handaki. "Ingieni, au mnangoja kuitwa kwa majina?"

Nikawaeleza kwa mdomo mtupu, kwa lugha zote. Bado walisita. Kisha Kathuri akasogea kando ya daraja, akapiga saluti, hata sijui alikuwa akimpigia nani, na mtu wa kwanza akavuka.

Ukuta ulikatika wengine wakiwa bado darajani. Haukunguruma kama mlivyosikia kwa wale wanaosimulia bila kuwepo. Ulikohoa tu, kama Mzee Nthiga, kisha mteremko mzima ukawa unatembea. Mstari wa chini ulifunikwa kwanza kwa maji mekundu, halafu kwa tope, halafu haukuwepo. Kuku wa mtu alipita juu ya paa linaloelea, akiwa amekaa kwa utulivu kama abiria aliyelipa. Watu wakahesabiana kwa kelele, kila mmoja akiita wake. Kila aliyeitwa aliitika.

Mama nilimkuta ameegemea mnara, mdogo wetu mgongoni, mchi bado mkononi. Nilimkumbatia, jambo ambalo naomba msilitangaze.

"Mama, hukunisikia? Niliita mara nyingi!"

"Nilikusikia," alisema. "Ulisema vizuri sana, hata Kimbeere chako kilikuwa safi. Nikawaambia watoto waingie chini ya kitanda."

"Lakini ni mimi, mama!"

"Lilikuwa bati," alisema mama, akanifuta tope usoni kwa ncha ya kanga.

Tulikaa posti mvua yote ile. Wachuka walilalamika kuhusu ugali wa Cucu, Waembu wakalalamika kuhusu Wachuka, na wale vijana wa mnarani wakawa wanabembeleza watoto wa watu. Bwana Shauri alifika mvua ilipokatika, kwa miguu, buti zimejaa tope, askari wake nyuma yake. Akaona daraja liko chini, mnara hauna mtu, na posti imejaa watu wenye mapanga wanakunywa uji. Mkono wake ulienda kiunoni kwenye bastola.

Kathuri akajitokeza, akasimama wima. Hakungoja kuulizwa. Alisema ni yeye aliyeruhusu yowe, ni yeye aliyefungia bunduki, ni yeye aliyefungua lango. Alisema kwa Kimeru kwa sababu Kiswahili kilimtoroka, nami, kwa kuwa Kimeru na Kichuka cha nyanya ni ndugu, nikatafsiri neno kwa neno, bila kupunguza wala kuongeza chumvi, na mnajua jinsi chumvi ninavyoipenda. Bwana Shauri aligeuka akatazama mteremko. Alitafuta mstari wa chini kwa macho, akarudi akautafuta tena.

"Bunduki iko wapi?" aliuliza mwishowe.

Cucu akatoa ufunguo kifuani, akaupangusa, akampa. Bwana Shauri aliupokea kwa vidole viwili, akampa Kathuri. "Fungua stoo," alisema. Hakusema jambo lingine juu ya habari hiyo, siku ile wala baadaye, na Kathuri yupo posti mpaka leo, ananyoosha sare.

Kisha akanigeukia mimi. "Sema watu, leo kafyu hakuna. Kwenda kutafuta vitu yao."

Homugadi mmoja alikuwa ameliokota bati, akaniletea. Nililishika. Nikawatazama watu wote wale, waliokaa wakiwa wamegusana mabega, nikaona macho yao yamekwenda kwenye kile kipande cha debe, na mama mmoja akimvuta mtoto karibu. Nikaliweka chini. Nikaenda nikasimama katikati yao, nikasema kwa sauti ya kawaida, ile ninayoombea chumvi: kafyu imeondolewa leo, twendeni tukatafute vitu vyetu.

Hakuna aliyeinuka. Wazee wakatazamana.

Mama akainuka. Akamweka mdogo wetu vizuri mgongoni, akachukua mchi wake, akapita mbele ya Bwana Shauri na askari wake wote kuelekea darajani. Alipofika akageuka.

"Inukeni," aliwaambia. "Huyu sasa ni mwanangu."